Kuchagua mahali pa kusoma Kihispania ng'ambo: mwongozo kamili kwa anayeondokea Lubumbashi

Dosie nyingi za kwenda kusoma Kihispania huvunjika kwa njia ileile. Mtu anapenda mji kwa picha, anapata shule yenye bei nzuri, anatuma arubuni, ndipo anakwenda kuuliza ubalozi. Huko anaambiwa kwamba kozi ina saa chache mno, au shule haitambuliwi, au dosie yake haipokelewi Kinshasa. Arubuni hairudi, na mwaka umekwenda.

Kinachoharibu ni mpangilio. Ukiuliza kwanza karatasi unayoitaka mwishoni, halafu saa za masomo, halafu ubalozi utakaopokea dosie yako, miji mingi itajiondoa yenyewe kwenye orodha. Mji ni uamuzi wa mwisho. Hatua zilizo hapa chini zifuatwe kwa mfuatano huo, bila kuruka.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Paspoti. Viza ya Schengen (ya kukaa muda mfupi Uhispania na nchi nyingi za Ulaya) inadai paspoti iliyotolewa ndani ya miaka 10, yenye kurasa 2 tupu na uhai wa miezi 3 baada ya kutoka. Kwa kozi ndefu usiridhike na kiwango hicho: iwe na uhai wa mwaka mzima zaidi ya tarehe yako ya kurudi, kwa sababu kuipyaisha ukiwa mbali ni shida.
- Diplôme d'État na relevé za masomo, asili na nakala.
- Taarifa za benki za miezi 6, zako au za mdhamini wako, pamoja na karatasi inayoonyesha anafanya kazi gani na ana undugu gani nawe.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
- Barua pepe yako mwenyewe. Si ya mjomba, si ya komisionere. Majibu ya shule na ya ubalozi yafike kwako.
- Daftari moja lenye safu hizi: nchi, ubalozi, shule, saa halisi kwa wiki, bei, masharti ya kurudishiwa pesa, tarehe ya jibu.

Jambo moja la kukagua siku hiyohiyo ni majina. Sisi tuna nom, post-nom na prénom. Fomu za Kihispania zina nafasi ya *nombre* (jina lako binafsi, prénom) na nafasi mbili za *apellidos* (majina ya ukoo). Fungua ukurasa wa picha wa paspoti, tazama mistari miwili ya chini yenye alama za <<. Kilichoandikwa kabla ya << mbili ni apellidos, kinachofuata ni nombre. Nakili hivyo hivyo kila mahali: barua ya shule, bima, tiketi, mtihani. Post-nom ikikosekana kwenye karatasi moja na ikawepo kwenye nyingine, utaanza kueleza kwamba ninyi ni mtu mmoja.

## Hatua ya 1: Amua karatasi utakayorudi nayo

Kuna vyeti viwili vinavyojulikana zaidi duniani. DELE hutolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya serikali ya Uhispania inayofundisha Kihispania duniani, kwa niaba ya wizara ya elimu ya nchi hiyo. Unachagua kiwango kimoja, kuanzia A1 (cha mwanzo kabisa) hadi C2 (cha juu kabisa), unafaulu au unashindwa, na cheti hakiishi muda wake. Tarehe za mtihani ni chache kwa mwaka, kujiandikisha hufungwa wiki kadhaa kabla, na matokeo huchukua muda.

SIELE hufanywa kwa kompyuta. Hakuna kufaulu wala kushindwa: unapata alama kati ya 0 na 1000 zinazokuweka kwenye kiwango kati ya A1 na C1. Matokeo hutoka ndani ya wiki 3, lakini cheti kina uhai wa miaka 5 tu.

Anayetaka kuingia chuo kikuu kwa tarehe fulani na amechelewa, SIELE humwokoa. Anayetaka cheti cha kubaki nacho kwa kazi ya tafsiri au ualimu, DELE ni bora. Kabla ya kuchagua, andikia chuo au mwajiri unayemlenga umuulize anapokea kipi na kiwango gani. Vyuo vingi vya Uhispania hudai B1 au B2, na kati ya hivyo viwili kuna miezi mingi ya kusoma.

Usidanganywe na cheti cha kuhudhuria. Kila shule hukupa karatasi nzuri yenye muhuri siku ya mwisho, lakini karatasi hiyo inasema ulikuwepo darasani, haisemi unajua.

Umemaliza hatua hii ukiweza kuandika sentensi moja kamili katika daftari, kwa mfano: "Nataka DELE B2 kabla ya mwezi wa sita."

## Hatua ya 2: Geuza kiwango kuwa saa, kisha wiki

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, na ndiyo inayobadilisha kila kitu.

Kwa mtu aliyesoma sekondari kwa Kifaransa, makadirio haya yanafaa kupangia:

- A1: saa 80
- A2: saa 120 zaidi (jumla 200)
- B1: saa 160 zaidi (jumla 360)
- B2: saa 200 zaidi (jumla 560)

Hizi ni saa za darasani. Nyumbani utaongeza nyingine. Kifaransa kinakusaidia sana katika msamiati na vitenzi. Kiswahili nacho kinakusaidia katika irabu: Kihispania kina a, e, i, o, u tano zilezile zetu, jambo linalowatesa wanafunzi wengi wa Ulaya.

Sasa soma tangazo la shule kwa makini. "Masomo 20 kwa wiki" si saa 20. Somo moja mara nyingi ni dakika 45, 50 au 55. Piga hesabu: 20 × 45 ni dakika 900, yaani saa 15. Kwa somo la dakika 50 unapata saa 16 na dakika 40. Kutoka sifuri hadi B2 kwa saa 15 halisi ni wiki 37. Kwa saa 20 halisi ni wiki 28. Tofauti ya wiki 9 ni kodi ya nyumba, chakula, na pengine aina nyingine ya viza.

Kwa upande wa Uhispania, mpaka wa viza uko hivi. Hadi siku 90 ni viza fupi ya Schengen. Kati ya siku 90 na 180 ni viza ya masomo. Zaidi ya siku 180 ni viza ya masomo pamoja na cheti cha afya, cheti cha kutokuwa na hatia kinachohusu miaka 5 iliyopita, na kadi ya mgeni ya kuomba ukifika.

Linganisha watu wawili wanaotaka B2. Wa kwanza anaondoka Lubumbashi bila kujua hata kusalimia, anachukua kozi ya saa 15: wiki 37, takriban siku 259. Yuko kwenye kundi zito zaidi la karatasi, na saa zake hazifiki 20 zinazotegemewa kwa viza ya masomo. Wa pili anabaki nyumbani kwanza, anasoma A1 na A2, saa 200. Kwa saa 10 kila wiki ni wiki 20, miezi mitano hivi. Kisha anakwenda kwa saa 360 zilizobaki, saa 20 kwa wiki: wiki 18, siku 126. Amekwepa cheti cha kutokuwa na hatia, amekwepa kadi ya mgeni, na amepunguza gharama karibu nusu. Na anayehitaji B1 peke yake, akiwa tayari na A2, anahitaji wiki 8 tu, ambazo zinaingia ndani ya viza fupi.

Kwa hiyo ushauri wetu ni thabiti: usiende ng'ambo kujifunza alfabeti. A1 na A2 zifanyie Lubumbashi, kwa mwalimu, kwa kitabu chenye sauti, au kwa kozi ya mtandaoni ya Instituto Cervantes iitwayo AVE Global. Pakua masomo usiku ambao mega ni nafuu na umeme wa SNEL upo, usome mchana bila intaneti. Ng'ambo ni ghali, na thamani yake ni kuongea na watu. Asiyekuwa na maneno 500 mdomoni hawezi kuongea nao.

Kuwa na A2 kunasaidia pia kwenye mahojiano ya ubalozi. Ofisa akikuuliza kwa nini Kihispania, nawe ukajibu sentensi tatu kwa Kihispania, swali hilo limekwisha.

## Hatua ya 3: Tafuta mlango kabla ya nyumba

Kwa kila nchi iliyo kwenye orodha yako, andika majibu ya maswali matatu.

Ni ubalozi gani unaopokea dosie ya mkaaji wa Kongo? Uhispania ina ubalozi Kinshasa. Nchi nyingi za Amerika ya Kilatini hazina ofisi karibu nasi: Meksiko, Kolombia na Argentina zina balozi Nairobi na Pretoria, na kila ubalozi una eneo lake. Usidhani kwamba kwa kuwa Nairobi ni karibu, Nairobi itakupokea. Andika barua pepe: "Mimi ni mkaaji wa Lubumbashi, dosie yangu ya viza ya masomo inapokelewa wapi?" Hifadhi jibu.

Lazima niende mwenyewe mara ngapi? Kwa Schengen alama za vidole huchukuliwa ana kwa ana, nazo hutumika tena kwa miezi 59. Kutoka Lubumbashi hiyo ni tiketi ya ndege ya Kinshasa na siku kadhaa za kulala. Iwekee pesa tangu sasa.

Ndege inapita wapi? Hapa wengi wameanguka wakiwa na viza nzuri mkononi. Paspoti ya Kongo imo kwenye orodha ya Ulaya ya paspoti zinazohitaji viza ya kupita uwanja wa ndege, hata kama hutoki nje ya uwanja. Ukinunua tiketi ya kwenda Bogotá inayobadilisha ndege Paris, Brussels au Madrid, bila viza hiyo hupandi, isipokuwa una kibali kinachokuondolea sharti hilo. Kupita Marekani nako kunahitaji viza ya kupita. Njia zisizogusa Ulaya zipo: Ethiopian Airlines hutoka Addis Ababa hadi Buenos Aires kwa kupitia São Paulo, na Turkish Airlines huunganisha Istanbul na Mexico City na Bogotá. Lakini hata hapo uliza masharti ya nchi ya katikati kabla ya kulipa.

Kwa Uhispania yenyewe njia ni nyepesi: Lubumbashi, Addis Ababa, kisha Madrid au Barcelona.

Ukikosa jibu la maandishi kutoka ubalozi kwa wiki 3, na kurudia mara mbili hakujasaidia, futa nchi hiyo. Ubalozi usiojibu swali moja leo utakuchelewesha zaidi ukiwa umeshalipa.

## Hatua ya 4: Chagua nchi

Uhispania ndiyo chaguo la kwanza kwa wengi wa wasomaji wetu, kwa sababu ubalozi upo Kinshasa, shule ni nyingi, na mitihani yote miwili inapatikana kwa urahisi. Uzito wake ni karatasi na pesa ya kuonyesha.

Moroko na Senegali. Watu hawazifikirii, na ni kosa. Instituto Cervantes ina vituo katika miji ya Moroko kama Casablanca, Rabat, Tangier, Tetuán, Fez na Marrakech, na tangu 2021 ina kituo Dakar. Walimu ni wenye sifa na cheti ni kilekile. Kasoro ni barabarani: ukitoka darasani utasikia Kiarabu, Kiwolof na Kifaransa. Kwa hiyo ni mahali pazuri pa kumaliza A2 au kufanyia mtihani, si pa kuzama katika lugha. Kaskazini mwa Moroko, Tetuán na Tangier, bado utakutana na watu wengi wanaosema Kihispania.

Guinea ya Ikweta ni nchi pekee ya Afrika ambayo Kihispania ni lugha rasmi. Malabo na Bata utakisikia ofisini, shuleni, sokoni, na miji yote miwili ina kituo cha utamaduni cha Uhispania. Kwa Mkongo, maisha hayatakuwa mageni. Tatizo ni kwamba shule za lugha kwa wageni ni chache mno, na maisha ya mjini ni ghali. Inafaa kwa mtu mwenye mwenyeji wa kuaminika pale, aliyefika A2, anayetaka mazoezi ya kuongea. Haifai kwa anayetegemea kozi yenye ratiba na mtihani.

Amerika ya Kilatini. Guatemala, hasa Antigua na Quetzaltenango, inajulikana kwa masomo ya mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, saa 4 au 5 kila siku, pamoja na kulala katika familia. Kwa kuongea hakuna njia ya haraka kuliko hiyo. Meksiko ina kituo cha wageni cha chuo kikuu cha UNAM, kiitwacho CEPE. Ecuador hutumia dola, jambo linalorahisisha hesabu kwa mtu wa Lubumbashi. Lakini rudi hatua ya 3: tiketi ni ghali, mlango uko mbali. Ukiwa na kozi ya wiki 8, safari yenyewe itakula ulichookoa kwenye bei ya shule. Chini ya miezi 5, hatuishauri.

Lafudhi isikutishe. DELE hupokea Kihispania cha nchi yoyote mradi ukitumie kwa uthabiti. Argentina watu husema *vos* badala ya *tú*, Uhispania hutumia *vosotros* ambayo Amerika haitumii. Ni mambo ya kuzoea kwa wiki mbili.

## Hatua ya 5: Chagua mji

Tunaendelea na Uhispania, maana ndiko wengi wanakoishia.

Miji ya vyuo ya ukubwa wa kati humfaa mwanafunzi kuliko Madrid na Barcelona: Salamanca, Valladolid, Granada, Alcalá de Henares. Chumba katika nyumba ya kushirikiana mara nyingi hupatikana kwa euro 250 hadi 400 kwa mwezi, wakati Madrid na Barcelona unaweza kulipa 450 hadi 700. Kila kitu kinafikiwa kwa miguu, na hiyo peke yake hupunguza gharama.

Salamanca na Valladolid zina matamshi yaliyo wazi kwa sikio la mwanzoni. Baridi yake lakini ni kali: Salamanca iko kama mita 800 juu ya bahari na majira ya baridi barafu hushika alfajiri. Kiangazi cha Lubumbashi cha mwezi wa sita hakikutayarishi kwa hilo. Weka pesa ya koti na viatu. Granada na Málaga zina joto zaidi, watu huzungumza upesi na humeza herufi s mwishoni mwa maneno. Wiki tatu za kwanza utadhani hujui chochote, halafu sikio hufunguka, na baada ya hapo hakuna Kihispania kitakachokushinda.

Barcelona, Valencia, Galicia na nchi ya Basque zina lugha ya pili rasmi. Vibao, ofisi, na masomo mengi ya chuo huwa kwa lugha hiyo. Kwa mtu wa C1 ni utajiri, kwa mtu wa A2 ni mzigo.

Jaribio letu la mwisho la mji ni Kifaransa. Kifaransa ni maficho yako: ukichoka, utakimbilia kwa yeyote anayekijua. San Sebastián na Barcelona ziko karibu na Ufaransa na hujaa wanafunzi Wafaransa. Vilevile kulala kwa ndugu kutoka Kongo huokoa kodi, lakini jioni nzima itapita kwa Kiswahili na Lingala. Ukilazimika kulala huko, fanya mwezi wa kwanza tu. Na kama una hiari, epuka Julai na Agosti, miezi ambayo madarasa hujaa vijana wa likizo na bei ya vyumba hupanda.

## Hatua ya 6: Pima shule

Anza na orodha ya vituo vilivyoidhinishwa na Instituto Cervantes, iliyo wazi kwenye tovuti yao ya *acreditación*. Shule isiyokuwemo inaweza kuwa nzuri, lakini kwa viza ya masomo dosie yako inaweza kukataliwa kwa sababu hiyo. Kwa nini ujibebeshe?

Kuna mtego mmoja wa bei. Escuelas Oficiales de Idiomas ni shule za lugha za serikali, bei yake ni ndogo sana, na ni nzuri. Ila zina saa chache kwa wiki na huandikisha kwa vipindi maalumu. Kwa viza ya masomo shughuli inayotegemewa ni kozi ya muda kamili, saa 20 kwa wiki. Kwa hiyo Escuela Oficial ni shule ya mtu aliyekwisha kuwa mkaaji.

Tuma barua pepe moja, kwa Kifaransa au kwa Kihispania, kwa shule 5. Uliza:

1. Somo moja ni dakika ngapi, na saa halisi kwa wiki ni ngapi?
2. Darasa lina wanafunzi wangapi kwa wingi, na mwezi ninaotaka kuja wastani ulikuwa wangapi mwaka uliopita?
3. Kiwango changu kikiwa na mwanafunzi mmoja tu, mnafanyaje? (Shule nyingi hupunguza saa. Ujue kabla.)
4. Barua ya kukubaliwa itataja tarehe za kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, na malipo yaliyopokelewa?
5. Viza ikikataliwa mnarudisha kiasi gani, ndani ya siku ngapi, na mnahitaji karatasi gani?
6. Mnafanyia mtihani wa DELE au SIELE hapohapo?
7. Naweza kuhudhuria somo moja la majaribio kwa intaneti?

Shule inayojibu maswali yote saba kwa maandishi ndani ya siku 4 ina ofisi inayofanya kazi. Inayojibu "usijali, tutapanga" itakujibu hivyohivyo ukiwa Kinshasa unahitaji barua ya kesho.

## Hatua ya 7: Bajeti

Sheria ya Uhispania hupima uwezo wa mwanafunzi kwa kipimo kiitwacho IPREM, ambacho tangu 2023 ni euro 600 kwa mwezi. Kwa wiki 18, hesabu miezi 5: euro 3,000 za kujikimu, nje ya ada ya shule.

Mfano wa mji wa kati, kozi ya masomo yenye saa 20 halisi:

- Shule: wiki 18 × euro 180 = 3,240 (shule nyingi hudai kati ya 150 na 250 kwa wiki, na hupunguza kwa kozi ndefu)
- Chumba: miezi 5 × 350 = 1,750
- Chakula na usafiri: miezi 5 × 250 = 1,250
- Jumla: euro 6,240

Juu yake ongeza tiketi ya ndege, Go-Pass (ada ya kuondokea uwanja wa ndege), safari ya Kinshasa, ada ya viza (ile fupi ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024), bima, tafsiri, mtihani, na amana ya nyumba ambayo mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja. Kisha ongeza asilimia 10, kwa sababu unaweka akiba kwa dola na unalipa kwa euro.

Mshahara usiuweke kwenye hesabu. Viza ya kozi ya lugha si viza ya kazi, na ofisa akiona mpango wako unategemea vibarua atakataa.

Pesa iliyoingia benki yote kwa siku moja, wiki moja kabla ya kuomba, huonekana kama mkopo wa kuonyesha. Ni bora akaunti yenye kiasi cha wastani inayoingia na kutoka kila mwezi kwa miezi 6. Kama mdhamini ndiye mwenye pesa, dosie ionyeshe mshahara au biashara yake, si salio tu.

## Hatua ya 8: Lipa kwa mpangilio huu

Kwanza lipa ada ya kuandikishwa peke yake, kama shule inakubali. Pokea barua ya muda. Hakiki majina na tarehe. Ndipo ulipe kozi, kiasi ambacho ubalozi unadai kionekane kimelipwa, baada ya kuwa na masharti ya kurudishiwa pesa kwa maandishi.

Lipa kwa uhamisho wa benki kwenda akaunti yenye jina la shule. Namba ya IBAN ya Uhispania huanza na ES na ina herufi na tarakimu 24. Ikiwa unaambiwa utume kwa jina la mtu binafsi, au kwa akaunti ya nchi nyingine, simama. Pigia shule kwa namba iliyo kwenye tovuti yake, si ile iliyo kwenye barua pepe uliyopokea.

Tiketi ya ndege usinunue kabla ya viza. Ubalozi ukitaka ushahidi wa safari, tumia nafasi iliyohifadhiwa na wakala.

## Hatua ya 9: Panga kalenda kwa kurudi nyuma

Chukua siku ya kwanza ya darasa, kisha hesabu kurudi nyuma:

- Miezi 10 kabla: anza A1 nyumbani, fungua au pyaisha paspoti.
- Miezi 6: balozi zimejibu, nchi imechaguliwa, maswali saba yametumwa.
- Miezi 4 na nusu: barua ya shule iko mkononi.
- Miezi 4: karatasi zinapelekwa kuhalalishwa na kutafsiriwa.
- Miezi 3: dosie ubalozini. Kwa viza ya masomo usiipeleke ikiwa imebaki chini ya miezi 2 kabla ya darasa. Viza fupi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari.

Kuhalalisha ndiko kunakokula muda. Kongo haimo katika mkataba wa Apostille, kwa hiyo muhuri mmoja hautoshi: karatasi hupita Wizara ya Mambo ya Nje Kinshasa, kisha ubalozi wa Uhispania. Tafsiri kwa Kihispania ifanywe na mfasiri anayetambuliwa na ubalozi. Uliza wanamkubali nani kabla ya kumlipa.

Cheti cha kutokuwa na hatia, kwa wanaokaa zaidi ya siku 180, kichukuliwe mwishoni, si mwanzoni. Kikizeeka mezani ukisubiri barua ya shule, utarudia kila kitu.

Bima ya viza fupi ya Schengen iwe na kinga ya angalau euro 30,000 na ifunike siku zote za kukaa. Kwa viza ya masomo uliza bima gani inakubaliwa, maana bima ya msafiri wa kawaida mara nyingi hukataliwa.

Na tafadhali, usiingie kwa viza ya siku 90 ukipanga "kuongeza hukohuko." Viza fupi haiongezwi ila kwa sababu nzito kama ugonjwa, na siku za ziada huandikwa kwenye rekodi yako.

## Wiki ya kwanza ukifika

Siku ya kwanza utapewa mtihani wa kupangwa darasani. Andika unachojua tu, usikisie. Kisha sikiliza kwa siku mbili: ukielewa kila neno, darasa ni la chini; ukikosa zaidi ya nusu, ni la juu. Omba kubadilishwa kabla ya Ijumaa, kwa sababu Jumatatu ya pili walimu huwa wameshapanga vikundi.

Kabla ya kutia sahihi nyumba, muulize mwenye nyumba kama anakubali ujiandikishe kwenye anwani hiyo katika ofisi ya mji, utaratibu uitwao *empadronamiento*. Wengine hukataa, na bila karatasi hiyo mambo mengi ya ofisi hukwama.

Waliokuja kwa zaidi ya siku 180 waombe miadi ya kadi ya mgeni, TIE, ndani ya mwezi mmoja tangu kuingia. Miadi huisha haraka katika miji mikubwa. Fungua tovuti asubuhi mapema, kila siku, hadi upate. Na siku hiyohiyo ya kupata miadi, jiandikishe kwa tarehe ya DELE au SIELE uliyoiandika kwenye daftari.